Kitufe kilichobadilika rangi

Malalamiko yalifika asubuhi: kitufe cha "Lipa" kimekuwa cha kijivu. Nikafungua ukurasa, nikakikuta cha kijani kama nilivyokiacha. Nikajibu lile jibu ambalo kila developa amewahi kulitoa na baadaye akalijutia: "Mbona kwangu kiko sawa?" Dada wa huduma kwa wateja akanitumia picha ya skrini yake. Kijivu kweli. Nikamwomba apakie ukurasa upya. Akapakia, kikarudi kijani, nikashukuru Mungu na kuendelea na kazi nyingine. Haikupita saa moja akaandika tena: "Kaka, kimerudi vilevile."

Siku mbili nilizunguka na kitufe hicho. Nilishuku kashe (nakala za kurasa ambazo kivinjari huhifadhi), nikashuku kivinjari chake, ikafika mahali nikaanza kumshuku na yeye mwenyewe. Kumbe siri ilikuwa kwenye njia aliyopitia. Mimi nilikuwa naingia ukurasa wa malipo moja kwa moja. Yeye alikuwa anaingia malipo, anatoka kwenda mipangilio kuangalia jambo, halafu anarudi malipo. Programu yetu ilikuwa ya ukurasa mmoja: mafaili ya CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, yanapakiwa kadiri mtumiaji anavyofika mahali papya, na yakishapakiwa hayaondoki. Faili la malipo lilikuwa na `.btn`, kanuni ya kupamba vitufe, ya kijani. Faili la mipangilio nalo lilikuwa na `.btn` yake, ya kijivu, iliyoandikwa na mtu ambaye hakujua kwamba ya kwangu ipo. Selekta (jina linaloonyesha kanuni inapamba kitu gani) mbili zenye uzito sawa zikikutana, ya mwisho kuingia ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo rangi ya kitufe changu ilikuwa inaamuliwa na matembezi ya mtumiaji.

Tangu siku hiyo nimepitia karibu kila mtindo wa kupamba komponenti (vipande vya ukurasa vinavyotumika tena, kama kitufe au kadi) uliowahi kuvuma, na karibu kila mmoja niliupokea nikidhani nimefika. Ninachokiona sasa ni kwamba mitindo yote inagombania swali moja: nani ana usemi juu ya nini. Komponenti inaamua nini kuhusu sura yake, na anayeitumia anaruhusiwa kubadilisha nini.

Swali hilo ni la zamani kuliko komponenti zenyewe. Håkon Wium Lie alipotoa pendekezo lake la kwanza la CSS, Oktoba 1994, alikuwa anafikiria nyaraka, na pande zilizohitaji kupatanishwa zilikuwa mwandishi na msomaji. Katika rasimu ile uliweza kuweka asilimia mwishoni mwa kanuni: nataka kichwa cha habari kiwe na ukubwa huu, na ninashikilia kwa asilimia 100, au ninashikilia kwa 40 tu, wengine nao waseme. Asilimia ziliachwa njiani, na CSS iliyopitishwa rasmi Desemba 1996 ikaja na mizani nyingine ya kupima nani anashinda. Mara nyingi nimetamani zile asilimia zingebaki. Angalau ungemwona mwenzako anavyong'ang'ania.

Dawa yangu ya kwanza kwa kitufe kile ilikuwa `!important`, neno la CSS linaloamuru kanuni ishinde nyingine. Ilifanya kazi mara moja, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mwezi uliofuata mwenzangu alihitaji kitufe chekundu cha kufuta akaunti, kikagoma kuwa chekundu, naye akaweka `!important` yake pamoja na id mbele yake. Id (jina la kitu kimoja pekee) moja inazishinda klasi (majina ya makundi ya vitu) hata ukizipanga kumi, kwa hiyo aliyefuata ilibidi atafute id mbili. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tulifika mahali ambapo kubadilisha rangi moja kulikuwa kazi ya nusu siku, na hakuna aliyethubutu kufuta mstari wowote, maana hakuna aliyejua mstari ule umeegemewa na nani.

Kisha tukahamia BEM, ule utaratibu wa majina uliotoka Yandex: jina la kitu, mistari miwili ya chini, sehemu yake, vistari viwili, hali yake. `kadi__kichwa--kikubwa`. Watu waliyacheka majina yale kwa urefu, nami nilicheka nao wiki ya kwanza. Lakini yalitupa utulivu ambao hatukuwa nao. Ukiona klasi unajua ni mali ya nani, na kila selekta ina uzito wa klasi moja tu, basi hakuna haja ya kutunishiana misuli. Kasoro yake ni kwamba ni makubaliano ya mdomo. Hakuna kufuli. Alikuja kijana mpya akaandika `.kadi h2`, kitu cha kawaida kabisa, na kwa miezi kadhaa hakikumdhuru mtu. Siku tulipoanza kuweka makala nzima ndani ya kadi, kila kichwa kidogo cha makala kikavaa nguo za kichwa cha kadi. Hakuwa amekosea kuandika CSS. Alikuwa amepamba kitu ambacho si chake.

CSS Modules nitazipitia haraka kwa sababu hazikuniumiza. Unaandika `.kichwa`, chombo cha kujengea kinaibandika mkia wa herufi za kipekee, na ugomvi wa majina unakwisha. Ningeanza mradi leo na timu ndogo ningeanzia hapo bila kusubiri ushauri wa mtu.

Ila majina yakishatulia ndipo unaona kwamba majina hayakuwa ugonjwa wenyewe. Kwangu ugonjwa ulijitokeza kwenye pambizo, ile nafasi ya nje inayokitenga kitu na jirani yake.

Nilikuwa na kadi nzuri. Nilipoiandika ilikuwa inakaa kwenye orodha, moja chini ya nyingine, hivyo nikaipa `margin-bottom: 24px`. Ilionekana sahihi, kadi hazikugusana. Kisha mtu akaiweka kwenye gridi ya safu tatu, na chini ya gridi ikabaki nafasi isiyo na mwenyewe. Akaja wa pili, akaiweka ndani ya dirisha dogo la kuthibitisha: chini kuna upana wa ajabu, juu hakuna. Akaongeza kigezo, swichi ya kuiambia komponenti ibadilike, `bilaPambizo`. Wa tatu alitaka pambizo ipungue tu, isiondoke, akaongeza `pambizoNdogo`. Wa nne hakuwa na muda wa kuongeza kigezo, akaizungushia div (kisanduku kitupu) yenye pambizo hasi ya pikseli 24, na akaacha maoni kwenye msimbo: "usiulize."

Niliuliza. Jibu lilikuwa rahisi kiasi cha kunikera: kadi haijui jirani yake ni nani, inawezaje kujua ikae mbali naye kiasi gani? Nafasi kati ya vitu viwili ni ya yule anayevipanga. Nikaondoa pambizo zote za nje kwenye komponenti, kazi iliyonichukua wiki nzima ya kuhamisha namba kutoka kwa watoto kwenda kwa wazazi, na nafasi zikaanza kuwekwa kwa `gap` kwenye flex na gridi, njia mbili za CSS za kupanga vitu. Kama ningejaribu hilo miaka michache kabla, nisingeweza. Kivinjari cha Safari kilianza kuitambua `gap` ndani ya flex mwaka 2021, na kabla ya hapo tulikuwa tunacheza na selekta za kurukia mtoto wa kwanza.

Mpaka huo nimeushika hadi leo, na huwa nauhakiki kwa ukali kuliko kitu kingine chochote. Ndani ya mstari wa kadi ni kwa komponenti: rangi, herufi, nafasi ya ndani, pembe. Nje ya mstari ni kwa mzazi: mahali inapokaa, umbali, na mara nyingi upana pia. Kitufe kikijipa `width: 100%` kwa sababu kilizaliwa kwenye fomu ya simu, kitakuja kukuaibisha kwenye upau wa zana.

Mwaka 2014 Christopher Chedeau wa Facebook alitoa mada iliyoorodhesha matatizo ya CSS kwenye programu kubwa na akapendekeza mitindo iandikwe ndani ya JavaScript, lugha ya programu ya kurasa. Nilichelewa kuipata, na nilipoipata niliona kama anaongea na mimi: majina ya dunia nzima, msimbo uliokufa usiojulikana kama umekufa, matokeo yanayotegemea mpangilio wa kupakia. Kitufe changu cha kijivu kilikuwa humo. Ilipotoka styled-components, maktaba ya kufanya hivyo, mwaka 2016 tuliikumbatia, na kwa muda mambo yalikuwa matamu. Komponenti na nguo zake kwenye faili moja. Ukifuta komponenti, nguo zinakwenda nayo.

Mambo mawili yalinitoa huko. La kwanza ni jedwali. Lilikuwa na safu nyingi, na kila kiini kilikuwa kinakokotoa mtindo wake kutokana na vigezo: kama thamani ni hasi iwe nyekundu, kama safu imechaguliwa iwe na kivuli, upana kulingana na namba inayobadilika wakati mtumiaji anavuta ukingo. Kila pikseli ya kuvuta ilizaa klasi mpya na kuiingiza kwenye ukurasa, na jedwali likawa linakwenda kama mtu mwenye tope miguuni. Dawa ilikuwa kigeu (jina linaloshika thamani) kimoja cha CSS, `--upana`, kinachobadilishwa kwenye kichwa cha jedwali. Viini vyote vikakisoma, hakuna klasi mpya hata moja. Nilikaa nikitazama mstari ule mmoja uliochukua nafasi ya mistari kama arobaini.

La pili halikuwa kosa la maktaba; lilikuwa letu. Kwa kuwa ilikuwa rahisi mno kufanya mtindo utegemee kigezo, kila ombi liligeuka kigezo. Kitufe kikawa na `kubwa`, `ndogo`, `hatari`, `kimya`, `mviringo`, `kimejaa`, `chaIkoni`, vyote vya ndiyo au hapana. Siku moja nikakuta mahali kitufe kimepewa `hatari` na `kimya` kwa pamoja. Kikoje hicho? Mbunifu hakuwahi kukichora. Kilikuwa na maandishi mekundu juu ya uwazi mwekundu hafifu, uwiano wa mwangaza chini kabisa ya ule wa 4.5 kwa 1 unaotakiwa na WCAG, mwongozo wa ufikivu wa wavuti, kwa maandishi ya kawaida, na kilikuwa kimekaa kwenye mfumo unaotumika miezi mitano. Swichi saba za ndiyo au hapana ni michanganyiko 128. Sisi tulikuwa tumechora sita. Nikabadilisha: kigezo kimoja `aina` chenye majina manne, kingine `ukubwa` chenye matatu, basi. Anayetaka cha tano anakuja tuongee, na mazungumzo hayo mara nyingi yanaishia kwa mbunifu kusema, "Aa, pale nilikosea, tumia hiki cha kawaida."

Tailwind, maktaba ya klasi ndogo ndogo zilizo tayari, ya Adam Wathan, ilitoka mwaka 2017, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokunja uso. Klasi ishirini kwenye tagi moja? Nilikuja kuikubali nikiwa kazini, kwa uvivu kusema kweli: sikulazimika tena kutafuta jina la div ya kati isiyo na maana yoyote. Kwa kurasa bado naipenda. Kwa komponenti za kutumika tena ilinifunza somo ambalo nililipia jioni nzima.

Kitufe changu kilikuwa na `p-4`, klasi ya nafasi ya ndani, ndani yake. Kiliruhusu anayekitumia kuongeza klasi zake, na dada mmoja wa timu ya ripoti akaongeza `p-2` ili kipungue. Matokeo kwenye HTML: `class="p-4 p-2"`. Hakikupungua. Akazigeuza, `p-2 p-4`, akidhani ya mwisho inashinda. Hakuna kilichobadilika. Akanijia: "Kaka, mimi ndiye sielewi au hiki kitu kina jini?" Tukakaa pamoja tukafungua faili lililozalishwa. `.p-2` imeandikwa kwanza, `.p-4` inafuata. Kivinjari hakijali mpangilio wa majina ndani ya `class`. Kinajali kanuni ipi imeandikwa baadaye kwenye CSS. Angetaka kuongeza, `p-6`, ingefanya kazi na tungeamini kwamba njia yetu ni salama. Zipo maktaba ndogo zinazochambua majina hayo na kufuta la kwanza kabla hayajafika kwenye kivinjari, nasi tuliweka moja. Lakini lililonikaa kichwani ni jingine: kwa kupokea klasi yoyote kutoka nje, nilikuwa nimemwachia kila mtu ufunguo wa nyumba nzima, wakati yeye alitaka kufungua dirisha moja tu.

Dirisha hilo nililipata kwenye vigeu vya CSS, na nililipata kwa lazima. Tulitakiwa kutoa komponenti kwa timu zisizotumia fremuwaki yetu (msingi tunaojengea programu), tukaenda kwenye Web Components, komponenti ambazo kivinjari kinazielewa chenyewe, na Shadow DOM, ukuta unaofunga kilichomo ndani yao. Huko ndani selekta za nje haziingii. Nilifurahi: hatimaye kufuli la kweli! Furaha ilidumu mpaka timu ya kwanza ilipouliza wanabadilishaje rangi iendane na chapa yao. Hawawezi. Halafu nikagundua kwamba kufuli lenyewe lina nyufa zake: aina ya herufi na rangi ya maandishi zinarithiwa kupita ukuta ule, kwa hiyo kwenye ukurasa mmoja vitufe vyangu vilikuwa na herufi nzuri na kwenye mwingine vina herufi za magazeti ya zamani. Vigeu navyo vinarithiwa, na hapo ndipo mlango ulipo. Ukiandika `background: var(--kitufe-mandhari, green)`, umesema: hili unaweza kubadilisha, usipobadilisha nitatumia langu. Kwa sehemu za ndani kuna `::part`, selekta inayoruhusu kupamba sehemu uliyoitaja, ambayo nimeitumia kwa uchoyo.

Na hapa nilifanya kosa langu la gharama kubwa kuliko yote. Nilifungua vigeu kama thelathini kwenye kitufe kimoja. Rangi ya mpaka kitufe kikiguswa, unene wa mpaka kitufe kikiguswa, kivuli, kila kitu, nikidhani ni ukarimu. Baadaye nikasafisha majina. Nilibadilisha `--kitufe-rangi-bg` kuwa `--kitufe-mandhari` kwa kuwa la kwanza liliniudhi. Msimbo wangu ulipita majaribio yote. Timu tatu zilipandisha toleo na vitufe vyao vikarudi kijani. CSS haikulalamika popote, kwa sababu kigeu kisichojulikana si kosa. Kinakaa kimya na thamani ya akiba inachukua nafasi. Leo kitufe kina vigeu vitano, na jina la kigeu nalichukulia sawa na jina la funksheni iliyotangazwa hadharani: kulibadilisha ni toleo jipya kubwa na tangazo juu yake.

Vivinjari navyo havikulala. Mwaka 2022 `@layer`, njia ya kugawa kanuni katika matabaka, iliingia kwenye vivinjari vyote vikuu ndani ya miezi michache, na kwa kazi yangu ndiyo zana iliyonipa usingizi. Mitindo ya komponenti naiweka kwenye tabaka moja, mitindo ya programu nje ya tabaka, na iliyo nje inashinda hata kama selekta yake ni nyepesi. Vita vya id vimekwisha. Angalizo moja kwa atakayehamia: `!important` ndani ya matabaka inageuza mpangilio juu chini, ya tabaka la chini inashinda. Nilijifunza hilo kwa mabaki ya vita vya zamani, yale niliyoyaogopa kufuta.

Kisha zikaja kanuni za chombo, `@container`, zilizokamilika kwenye vivinjari vikuu Februari 2023 Firefox 110 ilipotoka. Kadi yangu ilikuwa inauliza upana wa skrini kwa `@media`. Ukiiweka kwenye upau wa pembeni wa skrini kubwa inaambiwa nafasi ipo tele, inajipanga kwa safu mbili, na maandishi yanabanwa herufi mbili mbili kwa mstari. Sasa inauliza upana wa pale ilipokaa. Nilipoianza nilikosea kwa haraka: nikaweka `container-type: inline-size` kwenye lebo ndogo yenye `inline-block` (inayopata upana wake kutoka kwa maandishi yake), ikapotea. Upana sifuri. Ukitangaza chombo cha namna hiyo, unaahidi kwamba upana wake hautategemea kilichomo ndani, na lebo ile ilikuwa haina upana mwingine wa kutegemea.

Wiki iliyopita kaka mmoja wa timu ya ripoti aliniandikia: "Mkuu, naomba kitufe kiwe na kigezo cha pambizo ya kushoto. Pikseli 7 tu." Saba ni namba ya mtu anayeficha kitu. Nikamwomba anionyeshe ukurasa. Kitufe kilikuwa hakina shida. Ikoni iliyotangulia ndiyo iliyokuwa inakisukuma vibaya, kwa sababu ndani ya komponenti ya ikoni kulikuwa na `margin-right: 9px`. Nikafungua historia ya faili kuona nani aliiweka. Jina langu, miaka sita iliyopita. Nimeiondoa, kurasa tatu nyingine zimesogea, mbili nimeshazirekebisha, na ya tatu ni ule ukurasa wa malipo.